Wanafunzi watatu waliopata 4/10: uchambuzi wa kisa kimoja cha upimaji darasani

“Mwalimu, huyu mbona ulimpa nne?”

Mwalimu mwenzangu alikuwa amekaa upande wa pili wa meza akinisaidia kusahihisha. Rundo la madaftari lilikuwa limenielemea, naye hakuwa na kipindi saa ile. Karatasi ya majibu nilikuwa nayo mimi na maswali yalikuwa yameshafutwa ubaoni. Kwa hiyo yeye alifanya kitu ambacho mimi sikuwa nimekifanya kwa wiki nzima tatu: alisoma swali kama lilivyoandikwa na mtoto daftarini, akalikokotoa mwenyewe, ndipo akatazama jibu. Alipomaliza, mtoto yule alikuwa amepata 9/10. Akafunua kurasa za nyuma, akakutana na jaribio la kwanza lenye wino wangu mwekundu. 4/10.

Nilidhani ameteleza. Akanisogezea daftari bila neno.

Swali la pili la jaribio lile la kwanza, ubaoni, lilikuwa 896 − 341. Daftarini limeandikwa 836 − 341, na chini yake, kwa kalamu iliyokandamizwa hadi karatasi ikabonyea, 495. Jibu langu lilikuwa 555, kwa hiyo nililikata. Lakini 836 − 341 ni 495. Swali la nne lilikuwa 403 − 158. Yeye ameandika 408 − 153, akapata 255. Sahihi tena. Tukashuka naye swali hadi swali. Majibu yote niliyoyakata yalikuwa majibu sahihi ya maswali ambayo sikuuliza.

Mtoto alikuwa anajua kutoa. Ubao ndio hakuuona.

Jambo lililonitia uchungu zaidi lilikuja dakika chache baadaye, nilipokumbuka kwamba mwanzoni mwa muhula nilimhamisha kiti. Alikuwa na tabia ya kuchungulia daftari la jirani wakati wa kunakili, nami nikaamini anaibia majibu. Nikampeleka nyuma kabisa akae peke yake. Kumbe alikuwa anatafuta maswali, na nilimwondoa mahali pekee alipoweza kuyaona.

Jaribio lenyewe

Somo lilikuwa kutoa kwa kukopa hadi mamia. Jaribio lilikuwa na maswali 10: manne ya namba tupu, sita ya mafumbo. Niliyaandika ubaoni, watoto wakayanakili na kuyafanya kwa dakika 40. Baadaye nikajaza alama kwenye orodha, nikachora mstari chini ya 5, na wote walioangukia chini ya mstari nikawaunda kundi la marudio. Wanafunzi watatu kati yao walikuwa na alama ileile, 4. Nitawaita kwa mahali walipokaa: wa Dirishani, wa Mlangoni na wa Nyuma. Huyo wa mwisho ndiye wa daftari nililolieleza. Wa nne nitakayemtaja, wa Mbele, alipata 9 na hakuwa kwenye kundi.

Kundi la marudio lilikutana kwa wiki tatu. Niliwapa hesabu zilezile, ubaoni palepale, kwa mwendo wa polepole zaidi na kwa sauti ya juu zaidi. Jaribio la pili lilipokuja, wa Dirishani alipata 4, wa Mlangoni 4, na wa Nyuma, kwa karatasi yangu ya majibu, 3. Kwenye kitabu cha maendeleo nilikuwa nimeshaanza kuandika “Bado hajamudu kutoa kwa kukopa” dhidi ya majina yote matatu. Sentensi ile ilikuwa kweli kwa mmoja wao tu.

Jioni ile, baada ya mwenzangu kuondoka, niliyarudia madaftari yote ya kundi bila karatasi ya majibu.

Wa Dirishani

Daftari lake ni safi kuliko la wengi. Mamoja yamekaa chini ya mamoja, makumi chini ya makumi. Kwenye 52 − 27 ameandika 35. Kwenye 403 − 158 ameandika 355. Pembeni nilikuwa nimeandika “Kuwa makini!” Nilipolitazama tena daftari niliona kwamba alikuwa makini sana. Majibu yake sita yenye kosa yote yanafuata kanuni moja bila kuyumba: katika kila safu, tarakimu ndogo inatolewa kwenye kubwa, iwe imekaa juu au chini.

Hata hivyo, karatasi peke yake haikutosha kunihakikishia hilo. Jibu 35 linaweza kupatikana kwa njia mbili. Mtoto anaweza kutoa 2 kwenye 7 akapata 5, kisha 2 kwenye 5 akapata 3. Au anaweza kukopa vizuri, 12 kutoa 7 akapata 5, kisha akasahau kwamba makumi yamepungua, akafanya 5 kutoa 2 akapata 3. Wa kwanza haelewi kukopa ni nini. Wa pili anaelewa ila amesahau hatua moja. Hao ni watoto wawili wenye mahitaji mawili tofauti, na swali langu liliwapa jibu moja. Hata 355 ina utata uleule.

Basi nikamwita. Sikumuuliza kwa nini amekosea, maana swali hilo huwafanya watoto wengi wafute. Nilimwomba anionyeshe alivyofanya. Akasema, “Mbili kutoa saba haiwezekani, Mwalimu. Kwa hiyo saba kutoa mbili, tano.” Nikamuuliza hiyo kanuni ameitoa wapi. Akanitazama kwa mshangao. “Si ulisema tunatoa ndogo kwenye kubwa?”

Nilisema, kweli. Niliisema wiki ya kwanza, tulipokuwa kwenye namba zisizohitaji kukopa, na nilimaanisha namba nzima. Yeye aliisikia kama kanuni ya kila safu, akaishika kwa uaminifu kuliko nilivyoishika mimi.

Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha uchambuzi wa makosa ya watoto katika kutoa. Walionyesha kwamba makosa mengi hayatokani na uzembe wala kubahatisha. Mtoto anafuata utaratibu kamili, wenye hatua zake, ambao una hitilafu mahali fulani, na ukiujua utaratibu huo unaweza kutabiri atajibu nini kwenye swali ambalo hajaliona. Kosa la kutoa ndogo kwenye kubwa ni miongoni mwa yale yanayojulikana sana. Nililijaribu hilo kwa wa Dirishani: nikaandika 64 − 38 kwenye karatasi, nikaandika 34 nyuma yake, nikampa. Akaandika 34.

Wiki tatu za marudio zilikuwa zimemfanya awe na kasi zaidi katika kosa lake. Hakuna kingine zilichomfanyia.

Wa Mlangoni

Huyu alipata maswali yote manne ya namba tupu, pamoja na 403 − 158 iliyowashinda wengi. Mafumbo yote sita alikosa. Matatu aliyaacha wazi, na matatu alijumlisha namba alizoziona. Fumbo moja lilisema kitabu kina kurasa 231, umesoma kurasa 84, zimebaki ngapi. Aliandika 315.

Nilimkalisha pembeni, nikamsomea fumbo lile. Akasema, “Soma tena, Mwalimu.” Nikasoma tena, nikanyamaza. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi huko Marekani, aliona kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza kabla ya kusema tena, na kwamba kusubiri kufikie sekunde tatu kunabadilisha urefu na ubora wa majibu. Nilijikaza nisiseme kitu. Alifumba macho. Kisha akaandika 231, chini yake 84, akakopa mara mbili, akapata 147.

Ndipo nikamwomba anisomee yeye. Alifuata kwa kidole, silabi kwa silabi: ki-ta-bu, ki-na, ku-ra-sa. Hakukosea hata neno moja, na hilo ndilo lililonificha tatizo muda wote. Katika lugha ambazo herufi husomeka kama zilivyoandikwa, kama Kiitaliano na Kijerumani, na Kiswahili chetu kimo humo, mtoto mwenye ugumu wa kusoma mara nyingi hujulikana kwa mwendo kuliko kwa makosa. Anafika mwisho wa sentensi salama, lakini amechelewa kiasi kwamba mwanzo wake umeshamtoka kichwani. Alipofika kwenye “ngapi” nilimuuliza kitabu kilikuwa na kurasa ngapi. Hakukumbuka. Akachukua namba mbili zilizokuwa mbele yake akazijumlisha, jambo ambalo mtu yeyote aliyepoteza maana ya sentensi angeweza kulifanya.

Kumbe kundi la marudio lilikuwa linamfundisha kitu pekee alichokuwa anakijua tayari.

Wa Mbele

Kosa lake moja tu lilikuwa 403 − 158, aliyoandika 345. Jibu sahihi ni 245. Niliipita alama ya 9 kama watu wengi wanavyoipita. Jioni ile nilipata wasiwasi nalo, na kesho yake nikampa maswali mawili mengine yenye sifuri katikati au mwishoni. 700 − 264 aliandika 536, wakati jibu ni 436. 602 − 347 aliandika 355, wakati jibu ni 255. Kila jibu limezidi kwa 100 kamili. Alipokuta sifuri kwenye makumi aliigeuza kuwa 9 na kuendelea, bila kupunguza mamia. Alikumbuka sifuri hugeuka kuwa 9, ila hakujua ile 9 imetoka wapi.

Jaribio langu lilikuwa na swali moja tu la namna hiyo. Lau lingekuwa na matano, angepata 5 na angekaa kwenye kundi. Alama yake ya 9 ilitokana na nilivyochagua maswali kama ilivyotokana na anachokijua yeye, na hili nadhani tunalisahau sana tunapozisoma orodha zetu.

Jina “endelevu” linavyotupoteza

Ukiniuliza siku ile ningekwambia kwamba nafanya upimaji endelevu. Nilikuwa na majaribio mawili ndani ya mwezi mmoja, mazoezi ya kila wiki, na kitabu kilichojaa alama. Neno lenyewe linatusaidia kujidanganya, maana kinachoendelea kinaweza kuwa kupima tu.

Michael Scriven ndiye aliyetenganisha mwaka 1967 tathmini inayofanywa kazi ikiwa bado inatengenezwa ili irekebishwe, na ile inayofanywa mwishoni ili kutoa hukumu. Yeye alizungumzia mitaala na programu. Benjamin Bloom na wenzake ndio waliolileta wazo hilo karibu na mwanafunzi: jaribio fupi baada ya sehemu ya somo, kisha marekebisho kulingana na alichokosa kila mmoja, ndipo darasa lisonge. Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam wa Uingereza walipitia machapisho yapatayo 250 kuhusu jambo hili. Walionyesha kwamba upimaji wa aina hii ukiimarishwa ujifunzaji hupanda, na kwamba mara nyingi wanaofaidika zaidi ni wale wenye alama za chini. Lakini waliweka sharti linalonigusa hadi leo: ushahidi uliopatikana lazima utumike kubadilisha ufundishaji. Usipotumika, jaribio haliwi la namna hiyo hata likifanywa kila siku.

Jaribio langu lilibadilisha nini? Lilibadilisha nani anakaa wapi saa ya marudio. Ufundishaji ulibaki vilevile.

Naamini hapa ndipo kisa hiki kilipo. Wale watatu walikuwa na mahitaji tofauti kabisa: mmoja ya uelewa, mmoja ya kusoma, mmoja ya kuona. Jaribio lilikuwa limeyaandika mahitaji yote matatu, waziwazi, kwa mwandiko wa watoto wenyewe. Mimi nikayajumlisha kuwa 4, nikatupa kilichobaki.

Tulichofanya

Kwa wa Nyuma hatua ya kwanza ilichukua dakika moja: nilimrudisha mbele. Siku hiyohiyo nikamnakilia maswali kwenye karatasi kwa tarakimu kubwa. Nilimwandikia mzazi wake barua fupi na kwa makusudi sikutumia neno la kitaalamu hata moja, kwa sababu mwalimu hapimi macho. Niliandika nilichokiona: akiwa nyuma, mita kama 6 kutoka ubaoni, huandika 3 mahali pa 8 na 9 mahali pa 6, na akiwa mstari wa mbele hakosei. Mita 6 ndiyo masafa yanayotumika kwa kawaida kwenye ile chati ya herufi ya kupimia macho, iliyotungwa na Herman Snellen mwaka 1862, na nilifikiri mtu wa macho angelielewa hilo kuliko maelezo marefu. Alirudi na miwani. Nilimwomba radhi kwa kumtuhumu kuibia, mbele ya jirani yake yule aliyekuwa akimchungulia. Aliinamisha kichwa tu, akatabasamu kidogo.

Wa Dirishani alihitaji muda mrefu zaidi. Tulichukua vijiti 52, tukafunga mafungu matano ya kumi kumi, viwili vikabaki vimelala. Nikamwambia aondoe 27. Akachukua mafungu mawili kwa wepesi. Kisha akatafuta saba na kuona viwili. Alikaa muda mrefu akivitazama vile viwili. Nilitamani kusema “fungua fungu moja” na nilijizuia. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaruhusiwa kukata uzi. Akakata, akahesabu 12, akaondoa 7, akahesabu vilivyobaki: 25. Akatazama daftari lake lenye 35, akatazama vijiti, akahesabu upya tangu mwanzo.

Hakubadilika siku hiyo. Kwenye karatasi aliendelea kuandika kwa njia yake kwa siku kadhaa, hata pale ambapo vijiti vilimpa jibu jingine. Kilichomsaidia ni kuhakiki kwa kujumlisha: 35 na 27 ni 62, na sisi tulianza na 52, basi kuna mahali hapako sawa. Hapo alipata chombo cha kujisahihisha ambacho hakikuhitaji mimi niwepo. Royce Sadler aliandika mwaka 1989 kwamba mwanafunzi anahitaji kujua lengo, kujua alipo, na kujua namna ya kuziba pengo lililo kati. Alama 4 haikuwa imempa hata kimoja. Wala “Kuwa makini!”

Ndiyo maana nilibadilisha ninachoandika pembeni. Daftarini mwake sasa kuna maneno kama haya: “Kwenye 53 − 27 umetoa 3 kwenye 7. Chukua vijiti 53, ondoa 27, niandikie vimebaki vingapi.” Kwa kundi lile niliacha kabisa kuandika alama kwenye mazoezi ya kila siku. Ruth Butler alilijaribu jambo hili katika utafiti wake wa mwaka 1988: wanafunzi waliopewa maoni peke yake walifanya vizuri zaidi baadaye kuliko waliopewa alama peke yake, na waliopewa alama pamoja na maoni hawakufaidika kama wale wa maoni. Ukishaiona 4, maneno yaliyo pembeni yake huyasomi.

Wa Mbele alimaliza pengo lake kwa siku mbili. Nilimpa 300 na kitu kimoja cha kufanya: aivunje kuwa mamia 2 na makumi 10, kisha makumi 9 na mamoja 10. Akasema, “Kwa hiyo tisa inatoka kwa mia!” na hakurudia kosa.

Kumsomea, ni upendeleo?

Wa Mlangoni ndiye aliyezua mjadala katika ofisi ya walimu. Niliamua kwamba kwenye majaribio ya hisabati nitamsomea mafumbo. Mwenzangu mmoja akauliza swali la haki kabisa: wengine watasema nini, na huyu atajifunza lini kusoma?

Jibu langu ni hili. Kila jaribio lina kitu linachokipima, na lina vitu ambavyo mwanafunzi lazima avipite ili akifikie. Kwenye jaribio la kutoa, kusoma ni mlango. Mtoto akishindwa mlangoni, hatujui lolote kuhusu kilichomo ndani. Nikimsomea sijapunguza ugumu wa kutoa: 231 − 84 inabaki 231 − 84. Lakini kwenye jaribio la kusoma na ufahamu, kumsomea kungeondoa kilekile tunachotaka kukijua, na hapo sitafanya hivyo. Namna ya kupima inaweza kubadilika bila kinachopimwa kubadilika, na mwalimu lazima ajue mpaka uko wapi katika kila jaribio. Tarakimu kubwa kwa wa Nyuma ni jambo lilelile. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 24, unataka marekebisho yanayofaa kulingana na mahitaji ya kila mmoja. Miaka 12 kabla yake, Tamko la Salamanca la 1994 lilikuwa limeshasema shule za kawaida zinapaswa kuwapokea watoto wote na kujirekebisha kwa mahitaji yao. Sioni upendeleo humo.

Kuhusu kusoma kwenyewe mwenzangu alikuwa na hoja, na nilimshukuru. Kumsomea bila kumfundisha kusoma kungekuwa kumwacha. Kwa hiyo kila wiki nilikaa naye dakika chache na kifungu kifupi, nikiwa na karatasi ya kuweka alama kwa kila neno alilosoma sawa, alilosita, alilorudia. Ni njia iliyoenezwa na Marie Clay wa New Zealand, na uzuri wake ni kwamba inaonyesha anachofanya msomaji akikwama. Wa Mlangoni akikwama hurudi mwanzo wa sentensi. Ni tabia nzuri ya msomaji anayetafuta maana, na sikuwahi kuijua. Taarifa hizo niliziwasilisha kwa mzazi na kwa mwalimu anayeshughulikia mahitaji maalumu. Jina la tatizo, kama lina jina, watalitoa wanaostahili kulitoa.

Jambo moja zaidi. Baada ya wiki niliamua kuyasoma mafumbo kwa sauti, mara mbili, kwa darasa zima, anayetaka asikilize na asiyetaka asome mwenyewe. Wanafunzi wengine wawili, ambao sikuwahi kuwawazia, wakaanza kuyapata.

Maswali machache, yaliyochaguliwa

Najua swali linalokuja: darasa kubwa, mwalimu mmoja, nani ana muda wa kumhoji kila mtoto? Sina muda huo. Sikumhoji kila mtoto.

Nilichofanya ni kupunguza maswali na kuyachagua upya. Mwisho wa kipindi kila mmoja anapata kikaratasi chenye swali moja au mawili. 52 − 27 niliiacha, kwa sababu tofauti ya 7 na 2 ni 5, na tofauti ikiwa 5 yale makosa mawili niliyoyaeleza hutoa jibu moja. Nikaweka 53 − 27. Aliyeelewa ataandika 26. Anayetoa ndogo kwenye kubwa ataandika 34. Aliyekopa akasahau kupunguza makumi ataandika 36. Sasa jibu linaniambia mtoto amepita njia gani, na kubadilisha tarakimu moja tu ndiko kulikoleta hilo.

Vikaratasi sivisahihishi. Navigawa mafungu mezani: 26 hapa, 34 pale, 36 pale, na majibu yasiyoeleweka fungu lake. Kugawa ni kazi ya dakika chache, na kesho yake ninajua nani anahitaji vijiti, nani anahitaji kukumbushwa hatua moja, na ni wachache gani wa kuwaita mezani. Fungu la majibu yasiyoeleweka ndilo ninaloanza nalo, maana humo ndimo alimokuwa wa Nyuma.

Makundi yanayotokana na mafungu hayo huvunjika baada ya siku mbili tatu. Nalisimamia hili kwa nguvu. Kundi langu la kwanza la marudio lilidumu wiki tatu, na kufikia mwisho watoto walikuwa wameshalipa jina. Sitaliandika hapa.

Mwisho wa muhula

Mtihani wa mwisho wa muhula haukutungwa na mimi na haukuruhusu kusomewa. Wa Nyuma alipata 9. Wa Dirishani alipata 7. Kwenye hesabu mbili za mamia kanuni yake ya zamani ilirudi, nyingine akaikosa kwa haraka, na pembeni ya mojawapo ameandika kwa penseli hesabu ya kuhakiki ambayo hakuimalizia. Wa Mlangoni alipata 5.

Ripoti ya muhula ina kisanduku cha namba na mstari mmoja wa maoni. Kwenye kisanduku cha wa Mlangoni niliandika 5, kwa sababu ndiyo aliyoipata. Kwenye mstari niliandika: “Anatoa kwa kukopa hadi mamia bila kosa. Mafumbo anayaweza akisomewa. Anasoma sahihi, polepole.” Mstari haukutosha, nikaendelea ukingoni.

Mwalimu atakayempokea darasa linalofuata alinifuata ofisini na ripoti ile mkononi, akaniuliza nimemaanisha nini. Tukakaa. Nikachukua daftari la mtoto, nikafunua ukurasa wenye 315, nikaanza kumsomea fumbo la kurasa 231.